Upepo Uliokunjwa Katikati

Jumatatu, 3 Machi

Haya. Nimeambiwa nibonyeze hapa pekundu halafu niseme. Nimebonyeza. Kama kidude hiki hakijakubali basi naongea na meza, na si mara ya kwanza.

Simu hii kaniletea mjukuu wangu. Kasema, bibi, macho yako daktari kayapangia upasuaji baada ya mvua, kushona huwezi, na mimi kutwa niko kazini. Basi kila siku useme kidogo, uanze na tarehe, simu itaandika yenyewe. Nikamuuliza itaandika na kikohozi? Akasema hata kikohozi. Mimi shule sikuiona ndani, chaki nimeishika ya kuchorea kitambaa tu, na leo naandika kitabu kwa mdomo.

Tatizo simu inateleza. Meza yangu ya kukatia ina mguu mmoja mfupi, imeinama kushoto miaka na miaka. Kitambaa hakijali, lakini simu inashuka kama mtoto aliyechoka kubebwa. Nimeishika kwa mkono.

Mvua ya kwanza imenyesha mchana. Imekuja kama mtu aliyepita kuuliza kitu, akajibiwa, akaondoka.

Jumanne, 4 Machi

Sina la kusema. Nimelala mchana.

Jumapili, 9 Machi

Leo nina mengi, maana mjukuu alikuwa nyumbani.

Kwanza nimtaje. Namwita Kifungo. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu alimeza kifungo cha koti la mteja, kikubwa, cheusi, cha matundu manne. Nilimpindua kichwa chini miguu juu nikampiga mgongoni mpaka kikatoka, nikakisafisha, nikakishona kwenye koti, mteja akavaa. Mpaka leo hajui. Mama yake, binti yangu, alituacha mtoto ana miaka minne, Mungu amrehemu. Tangu hapo ni mimi na Kifungo na cherehani.

Sasa huyo aliyekabwa na kifungo ndiye kazi yake ni koo. Si koo la mtu, koo la ndege. Kuna ndege wanaitengeneza inayokwenda kasi kuliko sauti, yaani ukiisikia ujue imeshapita. Injini yake ina mdomo mbele, wa pembe nne kama mlango wa sanduku. Hewa inaingia pale kwa fujo, na injini haitaki fujo, inataka hewa iliyotulizwa. Kwa hiyo kati ya mdomo na injini kuna koo, na humo hewa lazima ipungue kasi. Kumbe hewa ikipunguzwa ghafla inajikusanya, inakuwa kama ukuta mwembamba. Yeye anauita wimbi la mshtuko. Mimi nauita pindo, maana alivyonichorea kwa kidole kiganjani niliona pindo la sketi. Yapo kadhaa, na lile la mwisho likae ndani kidogo ya koo, hapo ndege inapumua. Likisukumwa likatoka nje, mdomo unakohoa, injini inakosa pumzi, na ndege inarushwa kama gari lililogonga jiwe.

Hawawezi kujaribu kila koo kwa chuma, kwa hiyo wanaikata hewa ndani ya kompyuta vipande vidogo, mamilioni, na kila kipande kinamuuliza jirani: wewe una kasi gani, una joto gani, unanisukuma kiasi gani? Wakishaulizana wote, upepo unakwenda. Nikasema, sasa kwenye kona mnafanyaje? Akasema kwenye kona na karibu na ukuta vipande ni vidogo zaidi. Nikacheka. Mshono ndio huohuo. Pale penye mviringo unapiga mishono mifupi, penye mnyoofu unaachia. Kifungo akasema, bibi, mimi nimesomea miaka sita kitu ulichokuwa unakifanya huku unapiga umbea.

Lakini hakucheka sana. Tarehe sita mwezi wa tano, koo lao la chuma linaingizwa kwenye bomba la upepo, bomba kubwa kama nyumba, wanapuliza mpaka kasi ya ndege yenyewe. Walishajaribu mara mbili. Kompyuta inasema halikohoi, likiingia bombani linakohoa. Wakubwa wamesema mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Likikohoa, ofisi yao inafungwa, yeye itabidi atafute kazi nchi ya watu, na mimi nitahamia kwa mwanangu wa kiume.

Mwanangu ni mtu mzuri. Nyumba yake ina sheria. Viatu hapa, kikombe pale, redio mwisho saa mbili. Ameshapiga simu kwamba chumba changu amekipaka rangi.

Jumatano, 12 Machi

Mvua kutwa. Nimesinzia kitini nikaota nimo ndani ya lile koo. Palikuwa peupe, pana, kimya, na hewa inapita imenyooka kama kitambaa kinachofunguliwa kutoka kwenye jora, haina mwisho. Nilinyoosha mkono niiguse, ikawa laini kama hariri iliyofuliwa. Nikawa najiuliza, nani ataishona yote hii?

Nimeamka, kumbe pazia limenifunika uso.

Ijumaa, 21 Machi

Barabara ya kwenda kwao imejaa maji, amefanyia kazi hapa mezani. Kompyuta nayo inateleza. Kaiwekea gazeti.

Kanionyesha picha ya upepo. Mimi na macho yangu haya, maandishi ni moshi, nyuso ni maandazi. Lakini rangi naziona. Ilikuwa nyekundu pembeni, njano, halafu buluu nzito katikati inayopwita polepole kama kitu kinachoota. Nilikaa nayo muda mrefu. Ni picha nzuri kuliko vitenge vyote nilivyowahi kukata.

Nikamwambia, ni kipepeo. Akauliza kwa nini. Nikasema huku na huku sawasawa kabisa, bawa kwa bawa. Akasema ndiyo, kwa sababu tunapiga hesabu ya nusu. Mkuu wao kawafundisha hivyo: koo likiwa sawa kushoto na kulia, mnalikunja katikati, mnahesabu upande mmoja, halafu mnaufungua, upande wa pili unajijaza wenyewe. Inaokoa siku nyingi za kompyuta. Akasema, nilimwelewa siku ileile, bibi, maana wewe ndiye ulinifundisha kukata kwa kukunja.

Kweli nilimfundisha. Alikuwa na miaka saba. Unakunja kitambaa mara mbili, unachora nusu ya gauni, unakata mara moja, ukifungua ni gauni zima. Alipiga kelele za furaha siku ile kama aliyeona mazingaombwe.

Nimechukua kikombe chake nikaenda kukiosha. Simu, nakuambia wewe peke yako, kuna kitu kimenikaa hapa kifuani kama pini iliyosahaulika kwenye nguo.

Yule mkuu simpendi. Nimempa jina, Bwana Nusu. Kifungo kasema bombani lilipokohoa mara zote mbili, Bwana Nusu aliwalaumu mafundi chuma. Eti hesabu ilikuwa safi, wao ndio walichonga vibaya.

Jumamosi, 22 Machi

Kifungo kanunua koti la dukani, la kuvaa siku ya bomba. Angeningoja mimi, angevaa taulo. Kasimama mbele ya kioo, kazunguka, kavuta huku, kavuta kule. Kauliza, bibi, mbona linashuka upande mmoja? Nimeligusa bega. Nimesema kiwanda kimekata vibaya.

Kalirudisha.

Alhamisi, 27 Machi

Koti la pili, duka jingine, rangi ya majivu. Linashuka palepale kushoto. Nimesema siku hizi hakuna mafundi. Kifungo kalitazama sana koti lile, halafu kanitazama mimi. Nadhani alinitazama. Uso wake ulikuwa umegeukia huku.

Mama Redio, jirani yetu wa ukuta wa pili, ambaye redio yake ndiyo saa yangu, kaja kuomba chumvi akakaa hadi mvua ikakatika. Naye kasema makoti ya siku hizi ni takataka. Nimefurahi kupata shahidi, nikaona aibu papo hapo.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Mwanangu kapiga simu. Rangi imekauka.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo simu univumilie, itakuwa ndefu, na sauti yangu si nzuri.

Kifungo kaingia na koti la tatu. Hakulivaa. Alilining'iniza kwenye msumari, akakaa kwenye kile kiti changu cha kushonea, akasema taratibu kama mtu anayesoma:

"Bibi, makoti matatu. Viwanda vitatu. Kasoro moja, upande uleule."

Nikasema, wewe, viwanda hivi vinaibiana michoro.

"Bibi."

Alivyoniita hivyo, mama yake mtupu. Nikaona basi. Nimeubeba huu mzigo zaidi ya miaka thelathini, na mwenye nao kaja kuudai.

Nikamwambia. Nilimwambia alizaliwa kwa shida, mkono ulitangulia, mkunga akamvuta, mfupa wa bega ukavunjika. Uliunga, lakini bega la kushoto lilibaki chini. Si sana. Upana wa vidole viwili, bila nguo jicho halishtuki, ukivaa ndiyo unaonekana. Mama yake akalia, akasema watoto wenzake watamcheka. Nikamwambia, binti yangu, mimi ni fundi, hakuna atakayejua. Tangu nguo yake ya kwanza nimekuwa nikishona kajazo kadogo ndani ya bega la kushoto, pamba na kipande cha kitambaa, kadogo kama ganda la yai. Sare za shule, magauni ya sikukuu, lile joho la kumaliza chuo nililiazima usiku mmoja nikaliwekea. Mpaka sweta nimewahi kuliwekea. Akikua nakakuza. Kila nguo yake humu ndani.

Alikwenda kabatini. Nilisikia milango, nilisikia hanga. Alikuwa anaminya mabega ya nguo, moja moja. 

Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea. Hakuuliza mbona ulinificha. Hilo nilikuwa nimeliandalia majibu matatu. Aliuliza:

"Ulikuwa unakataje, bibi? Kajazo peke yake hakatoshi. Mshono wa pembeni ungevuta."

Fundi kabisa. Nikamwambia ukweli. Wateja wote nilikata kwa kukunja, na nusu yao walirudi kulalamika, nami nikawaambia ni wao wamenenepa. Hakuna mtu aliye sawa pande zote mbili, na nililijua hilo kila siku ya maisha yangu. Nilikunja kwa sababu ya haraka. Lakini wewe, nikasema, wewe sikukukata kwa kukunja hata siku moja. Wewe nilikufungulia kitambaa chote mezani. Nilipima kushoto peke yake, kulia peke yake.

Akarudi kitini akainama. Nikadhani analia, nikanyoosha mkono nimtafute uso. Uso ulikuwa mkavu.

"Mara ya kwanza lilikohoa," akasema, "tukasema mafundi chuma wamekosea. Mara ya pili likachongwa upya, likakohoa, tukasema wamekosea tena. Makoo mawili, bibi. Kasoro moja."

Sikumwelewa. Akanishika mkono, akanieleza polepole. Chuma cha koo kiko sawa kushoto na kulia, ndiyo. Lakini upepo si chuma. Ule upepo mvivu unaotambaa karibu na ukuta unaweza kukusanyika kona ya kushoto ukaiacha ya kulia, halafu ukahama. Ukiyumba hivyo, unalisukuma pindo nje. Sasa wao wameukunja katikati. Wameuwekea upepo sharti kwamba unachofanya kushoto lazima ukifanye kulia, saa ileile, na wenyewe hauna pa kuyumbia. Kwa hiyo katika kompyuta koo halikohoi. Haliwezi hata likitaka.

Nikamuuliza, kwa hiyo ni mimi niliyekufundisha kosa?

Akasema ulinifundisha la wateja, bibi. La kwako hukunionyesha.

Jumatatu, 7 Aprili

Kifungo kaomba wahesabu koo zima bila kukunja, Bwana Nusu kakataa. Kasema hesabu ya koo zima si mara mbili tu ya nusu, ni zaidi sana, maana upepo unaoyumba lazima uutazame kwa vipande vidogo vya muda, kama mtu anayehesabu kope zinavyopepesa. Kompyuta yote ya ofisi itashikwa karibu wiki mbili, wengine wote wakae. Na bomba halisogezwi, ni tarehe sita. Kasema kunja kama tulivyokunja, rekebisha kidogo hapa na pale, tumwombe Mungu.

Kifungo hajala. Kavaa blauzi ya kijani niliyomshonea, ile yenye kajazo. Nimeishika begani akipita.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo Bwana Nusu kaja hapa kwangu.

Maji yalikuwa yamejaa barabarani, Kifungo alikuwa anafanyia kazi mezani, mlango ukagongwa. Nikafungua nikaona kitu kirefu cheusi kinachochuruzika. Nilimjua kwa sauti, nilishamsikia kwenye simu ya Kifungo. Sauti ya mtu anayefunga droo.

Nikampokea kama mgeni mwingine yeyote. Nikamwambia apite, avue koti. Koti nimelipokea mimi, zito la maji, na mikono yangu si unaijua, haiwezi kubeba nguo bila kuisoma. La dukani. Mkono wa kulia umepandishwa kwa mshono wa mkono, mishono mibaya, ya mwanamume anayeishi peke yake. Nikasema moyoni, ahaa, na wewe una mkono mmoja mfupi.

Nikampa chai. Alikuja na makaratasi ya kumwonyesha Kifungo kwamba hesabu ya nusu imesharekebishwa. Kifungo akatazama, akashukuru, akasema kwa adabu kwamba koo litakohoa. Wakaanza kuvutana kwa maneno yao yale, mimi nasikia namba tu, kama watu wanaopimana viuno. Mwisho Bwana Nusu akashika kikombe chake. Nikaona hapo ndipo penye nafasi ya bibi kizee.

Nikamuuliza, mwanangu, hii habari ya kukunja uliianza lini?

Hakukasirika. Akasema alianza kijana, zamani, kompyuta zilipokuwa na nguvu ndogo kuliko hii simu yangu. Koo zima lilikuwa halienei ndani yake. Akasema, "Tulikunja kwa sababu kitambaa hakikutosha, mama. Halafu kikatosha, na sisi tumeshazoea."

Aliniita mama. Na kile alichosema, ningeweza kukisema mimi neno kwa neno. Nilianza kukunja nikiwa sina nafasi, meza yenyewe ilikuwa kitanda. Nikaja kupata meza hii, nikaendelea kukunja.

Nikamwambia basi. Nikamsimulia wateja niliowaambia wamenenepa. Nikamwambia mmoja, bibi harusi, aliyeondoka na gauni lililopinda, na mimi nikamwapia kwamba anasimama vibaya, na siku yake nzima akasimama kwa kujivuta mpaka pichani anaonekana kama anasikiliza kitu kwa mbali. Nikamwambia mafundi wenu wa chuma ni huyo bibi harusi.

Mvua ikapiga bati. Alikunywa chai yake yote. Kisha akamwuliza Kifungo siku ngapi. Kifungo akasema kumi na mbili. Akasema anzisha leo, wengine nitawaambia mimi.

Akaondoka na koti bichi. Ningekuwa na macho ningemshonea ule mkono. Sitamwita tena Bwana Nusu. Ila jina jipya sijampata, na la zamani limeshazoea mdomo wangu.

Jumanne, 15 Aprili

Inahesabu. Mvua inanyesha. Nimeota upepo unaulizana majirani, kipande kwa kipande, kwa sauti za wanawake kisimani, na kila mmoja anamjibu mwenzake kwa upole.

Jumatano, 23 Aprili

Imekwisha. Kifungo karudi mchana na picha, hakuvua hata viatu.

Kanikalisha. Mwanzoni ni kipepeo yuleyule, mabawa sawa, buluu katikati inapumua. Nikasema mbona ni kilekile. Akasema ngoja.

Nikangoja. Halafu wekundu wa kushoto ukaanza kunenepa. Kidogo. Kama mtu anayeegemea mlango bila kujua. Bawa la kulia likajinyoosha, la kushoto likavimba kwenye kona, na lile pindo la katikati likapinda, likateleza. Liliteleza kama simu kwenye meza yangu. Likatoka nje ya mdomo, na picha nzima ikapauka.

Nikasema, limekohoa.

Kifungo alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, nilisikia vyote viwili. Sijawahi kuona mtu anayefurahi hivi kuona kitu chake kimeharibika. Lakini nilimwelewa. Miaka miwili kompyuta ilikuwa inamwambia uko sawa, uko sawa. Leo imemwambia pale panapouma.

Jumapili, 27 Aprili

Koo lao lina vitundu vidogo kama vya sindano, vya kuunyonya upepo mvivu. Walivitoboa katikati, maana hesabu ya nusu ilionyesha uvivu uko katikati. Sasa wanavihamishia kwenye kona, huku na huku. Hesabu mpya imeanza lakini itakwisha siku moja tu kabla, mkesha wa bomba, kwa hiyo inabidi watoboe kabla ya kujua. Anaogopa. Hasemi, ila anakunja na kukunjua kitambaa cha mkononi.

Kifungo na mkuu wake walikwenda wenyewe karakana kuwaomba msamaha mafundi chuma. Fundi mkubwa wao, kasema Kifungo, alijifuta mikono muda mrefu sana kabla ya kuwapa. Halafu akauliza vitundu vingapi.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua imepungua. Mwanangu kapiga, kasema kitanda kimefika. Nimemwambia asikitoe nailoni.

Jumatatu, 5 Mei

Hesabu inasema halikohoi. Kifungo kasema hata zile za kwanza zilisema hivyo.

Jumanne, 6 Mei

Nimeamka kabla ya redio ya Mama Redio. Kifungo kavaa lile koti la tatu. Aliomba nimwekee kajazo, sindano nikamwambia atie uzi yeye, nikashona kwa vidole. Mishono si yangu ya zamani. Kaondoka akiwa sawa mabega yote.

Halafu nikakaa. Leo hapana mvua. Kimya hiki cha kutokuwa na mvua kimenishtua, kama mtu aliyekuwa anaongea miezi miwili kanyamaza anisikilize mimi. Pazia likavimba, likarudi. Nikawa nalitazama linavyovuta na kutoa. Nilikuwa kama nimesinzia na kama sijasinzia. Niliona lile koo limo humu chumbani, refu, na mimi nimesimama mdomoni na hewa inapita kando yangu, kushoto na kulia, kila upande na njia yake, na mimi siuambii chochote.

Simu ilipolia niliibonyeza vibaya, nikamkata. Akapiga tena.

Sikusikia vizuri mwanzoni kwa kelele za watu. Nikasema, Kifungo, sema polepole. Akasema wamepandisha upepo kidogo kidogo. Wakafika pale lilipokohoa mara ya kwanza, halikukohoa. Wakafika pale pa mara ya pili, kimya. Basi wakubwa wakasema ongeza. Wakaongeza mpaka mbele ya pale ndege yenyewe itakapofika, ndipo likakohoa mara moja.

Nikaishika simu kwa mikono miwili.

"Halafu likameza lenyewe, bibi," akasema. "Likakohoa, likameza, likaendelea."

Nikamwuliza, kwa hiyo? Akasema kwa hiyo tupo, ofisi haifungwi. Nikamwuliza mkuu wako yuko wapi. Akasema amekaa sakafuni karibu na ngazi, na fundi mkubwa wa karakana amekaa naye.

Nimempigia mwanangu. Nimemwambia kile chumba aweke magunia.

Alhamisi, 8 Mei

Jua. Kifungo hakwenda kazini leo. Kafungua madirisha yote, kafua, nyumba nzima inanuka sabuni. Daktari wa macho kanipa Jumatatu.

Mchana kaniletea koti na wembe wangu mdogo wa kufumulia. Kasema, bibi, kajazo katoe.

Nikamwambia, mjukuu wangu, watu watakutazama. Akasema kule kazini miaka yote wanatazama vitu viwili vilivyo sawa na umeona mwenyewe yaliyotukuta. Nikamwambia ni utani huo au ni kweli? Akasema ni kweli kidogo. Akakaa miguuni pangu, ameniegemea magotini kama alivyokuwa akifanya nikimsuka.

Nimefumua kwa vidole. Uzi mmoja, uzi mwingine. Kajazo kametoka, kadogo, bado kana joto la bega lake. Akavaa koti. Likashuka kushoto. Nimeliona hata mimi, hata na ukungu huu: mtu amesimama mlangoni penye mwanga, upande mmoja chini kidogo, kama anayetaka kuinama amsikilize mtoto. Mama yake alikuwa anasimama hivyohivyo, na yeye bega lake halikuvunjika. Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa.

Kasema anakwenda dukani kuchukua mkate, anarudi. Kaenda hivyohivyo. Nimesikia Mama Redio anamsalimia ngazini, na hakusema kitu kingine zaidi ya kuuliza mkate siku hizi unafika dukani saa ngapi.

Mimi nimebaki na kajazo mkononi. Nilitaka kukatupa, mkono ukakataa. Basi nimekaweka chini ya simu, upande ule wa kushoto, meza inakoinamia.

Naongea sasa hivi na mikono yote miwili iko magotini. Haitelezi.